Miaka 900 ya Ibn Rushd: Je, ulimwengu ulikuwa na siku ya kwanza?

Mwaka 2026 unatimiza miaka 900 tangu Ibn Rushd azaliwe Córdoba, Andalusia. Wanafunzi wa fiqhi wanamjua kwa Bidayat al-Mujtahid. Mjadala wake mkubwa na Imamu Ghazali, juu ya kuwepo, kutokuwepo na kisicho na mwisho, ni nadra kuusikia ukitajwa, nayo ni hasara kubwa.

Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu haukuanza. Ibn Sina akamfuata, ila akasema unamtegemea Mungu milele. Mwaka 1095, Baghdad, Ghazali akawajibu kwa Tahafut al-Falasifa, kitabu cha maswali 20. La kwanza linapinga dai kwamba ulimwengu hauna mwanzo.

Hoja yake inasisimua hadi leo. Zohali humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 30, jua kwa mwaka mmoja. Kama mbingu zinazunguka tangu milele, mizunguko ya jua ni mara 30 ya ile ya Zohali, na bado yote haina idadi! Tena, idadi hiyo ni shufwa au witiri? Ikiwa shufwa, imepungukiwa na mmoja tu kuwa witiri. Kisicho na mwisho kinapungukiwaje na kimoja?

Swali la mwanzo wa ulimwengu lilikuwa la hatari. Mwanahistoria al-Marrakushi anasimulia, kupitia mwanafunzi wa Ibn Rushd, kwamba Khalifa Abu Yaqub Yusuf alimuuliza mgeni wake: wanafalsafa wanasema mbingu ni za milele au zimeumbwa? Ibn Rushd akaingiwa na hofu, akakana kwamba anajishughulisha na falsafa. Khalifa akamgeukia mwanafalsafa Ibn Tufayl, aliyekuwepo hapo, na kuanza kuchambua kauli za Plato, za Aristotle na za wapinzani wao Waislamu. Hapo Ibn Rushd akatulia, akafunguka. Aliondoka na fedha, joho na mnyama wa kupanda.

Jibu lake kwa Ghazali, Tahafut al-Tahafut, lilikuja takriban mwaka 1180. Mizunguko iliyopita haipo tena, alisema. Haijakusanyika popote ikahesabiwa. Shufwa na witiri ni sifa za chenye mwanzo na mwisho. Kwa maoni yangu, Ghazali aliuliza vizuri zaidi, Ibn Rushd akajibu vizuri zaidi.

Mwaka 1195 Ibn Rushd alihamishiwa Lucena kwa nguvu, vitabu vya falsafa vikachomwa. Alifariki Marrakesh mwaka 1198. Mwanasufi Ibn Arabi alishuhudia mwili wake ukirudishwa Córdoba: jeneza upande mmoja wa mnyama, vitabu vyake upande wa pili kusawazisha mzigo. Mjadala haukuishia hapo: mwaka 1277 askofu wa Paris alipiga marufuku fundisho la umilele wa ulimwengu. Karne ya 19, Georg Cantor wa Ujerumani alionyesha kwamba kisicho na mwisho kinaweza kulingana na sehemu yake. Kwa hesabu zake, mizunguko ya jua na ya Zohali ni sawa kwa idadi.

Kitabu cha Ghazali kiitwacho Ihya kinasomwa pwani yetu. Tahafut hizi mbili nazo zinastahili kusomwa kwa Kiswahili, zikiwa pamoja.