Mnara wa Sengerema: Watoto Waliouawa kwa Ajili ya Viungo Vyao

Katika sanamu ya mnara huu, baba amembeba mwanawe mwenye ualbino mabegani, na mama anamvisha mtoto kofia pana ya kumkinga na jua. Majina yaliyoandikwa hapa ni ya watu wenye ualbino walioshambuliwa au kuuawa, na ya wengine ambao makaburi yao yalifukuliwa. Tafadhali yasome taratibu.

Mauaji haya yalishamiri Kanda ya Ziwa, Tanzania, kuanzia mwaka 2006 na 2007. Waganga walaghai waliwadanganya wavuvi na wachimba dhahabu kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Hakuna kiungo kilichowahi kumtajirisha mnunuzi. Waliofaidi ni wauzaji. Watoto wadogo waliwindwa zaidi kwa kuwa hawawezi kujitetea. Desemba 2014 msichana wa miaka 4 alitekwa wilayani Kwimba. Februari 2015, huko Chato, mtoto ambaye hata miaka 2 hakuwa ameitimiza alinyakuliwa kwa mama yake, akakutwa ameuawa na kukatwa viungo. Mama huyo alikatwa mapanga akimpigania mwanawe.

Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini.

Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Si laana wala mkosi.

Ukisikia mganga akiagiza kiungo cha binadamu, toa taarifa polisi siku hiyohiyo.