Kwa Nini Samaki Wageni Hufa?

Msomaji mpenzi, mfikirie mkulima wa Bungoma aliyechimba bwawa kwa jasho lake, akalijaza maji, akanunua vifaranga wa samaki kwa fedha alizoziweka akiba. Siku ya kwanza waogelea kwa furaha. Siku ya nne aamka alfajiri na kuwakuta wengi wameelea, matumbo juu. Maji ni maangavu, wala hakuna jeraha mwilini mwao. Mkulima huyo atasema nini? Pengine atamlaumu aliyemwuzia. Pengine, jambo lililo baya zaidi, atamtupia jirani jicho la shaka. Swali lake latustahili sisi sote, na jibu lake lina historia ndefu.

Watu wa China walifuga samaki mabwawani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini kuwaweka samaki hai ndani ya tangi dogo la vioo ni jambo la juzi tu. Mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alitangaza matokeo ya jaribio lake. Alikuwa ameweka samaki wa dhahabu na majani ya majini katika chombo kimoja, kwa kuwa mimea hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta. Majani yalipooza, maji yakachafuka. Basi akatia konokono wayale majani yaliyooza, na maji yakatulia. Baadaye akajaribu vivyo hivyo kwa maji ya chumvi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu juu ya matangi ya viumbe wa bahari. Watu wengi wakashikwa na hamu ya kuwa na bahari ndogo sebuleni.

Hata hivyo samaki waliendelea kufa, hasa walio wageni katika tangi jipya. Oksijeni peke yake haikutosha kuieleza siri hiyo. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia haionekani kwa macho. Maji yaweza kuwa safi kama kioo, na kumbe ni sumu.

Ufunguo ulipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria samaki. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu katika mchanga. Kwa siku kadhaa halikutokea jambo lolote. Kisha amonia ikaanza kugeuka kuwa nitrati. Walipotia klorofomu, dawa ya kulevya viumbe hai, kazi ile ikasimama. Basi ilidhihirika kwamba watendaji ni viumbe hai. Huko Rothamsted, Uingereza, mwana wa yule Warington, mwenye jina lile lile la baba yake, alionyesha kuwa kazi hiyo ina hatua mbili: kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akawatenga bakteria wenyewe. Baba alitafuta uhai wa samaki, na mwana, kwa kuchunguza udongo, akasaidia kumaliza hesabu ya baba.

Sasa waona, msomaji, kwamba ile siku kadhaa za kungoja ndizo zinazoua. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, nao huhitaji majuma kadhaa kuongezeka. Atiaye samaki wengi mara moja huwatia katika nyumba isiyo na mfagizi.

Nchini Kenya, tilapia walijaribiwa mabwawani katika miaka ya 1920, na mwaka 1948 vikafunguliwa vituo vya Sagana na Kiganjo. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahimiza watu wale samaki zaidi, na mabwawa yakaenea upesi, hasa sehemu za Kati na Magharibi. Katika miaka ya 1970 mengi yaliachwa, kwa sababu vifaranga bora walikuwa haba na mafunzo hayakutosha. Mwaka 2009 serikali ilianza tena kwa nguvu: mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo 140 ya ubunge, kila bwawa mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Kuchimba ni kazi ya siku chache. Kujifunza maji huchukua muda mrefu zaidi.

Tuchukue safari ya vifaranga kutoka Chwele, penye shamba la samaki, hadi Kitale. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale kiasi cha mita 1,900, kwa hiyo maji ya huko ni ya baridi zaidi. Ndani ya mfuko wa plastiki vifaranga hutoa amonia na kaboni dayoksaidi. Hewa hii hufanya maji yawe na uchachu, na uchachu hupunguza ukali wa amonia. Mfuko ukifunguliwa, hewa hutoroka, uchachu hupungua, na amonia hupata makali ghafula. Kwa hiyo mfuko uelezwe bwawani, ungali umefungwa, kiasi cha nusu saa ili joto lilingane. Ukifunguliwa, maji ya bwawa yatiwe kidogo kidogo bila kuchelewa, na samaki waachwe watoke.

Yako na mengine ya kuchunguza. Je, chokaa ilitiwa juzi tu? Je, samadi ilizidi? Mimea midogo ya kijani hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku, ndiyo maana samaki hutweta juu ya maji alfajiri. Je, mahindi ya jirani yalinyunyiziwa dawa ya wadudu kabla ya mvua? Hapo jirani ahusika, lakini kwa njia ya mtaro wa maji, si kwa uchawi.

Basi, ewe mwanafunzi, ukiitwa kando ya bwawa lenye msiba, usianze kwa kuuliza ni nani aliyefanya. Uliza maji yalitoka wapi, samaki walisafiri saa ngapi, walitiwa wangapi, na walikufa saa gani. Andika majibu, kisha ulinganishe. Hivyo ndivyo walivyofanya akina Warington, baba na mwana, na hakuna linalomzuia kijana wa Bungoma au Kitale kufanya vivyo hivyo.