Azimuthi: kutoka kibla hadi dishi

Azimuthi ni pembe ya upande: huanzia kaskazini halisi, 0, ikazunguka kama mishale ya saa hadi 360. Mashariki ni 90, kusini 180. Asili yake ni Kiarabu, as-sumut, wingi wa samt, yaani njia au upande, na wanafalaki Waislamu waliitumia sana kutafuta kibla, yaani upande wa Makka.

Kwale, pwani ya Kenya, ina bahati ya aina yake hapo. Makka iko karibu na longitudo ya nyuzi 40 mashariki, na Diani vilevile, kwa hiyo azimuthi ya kibla Diani haifiki hata nyuzi 1. Taru, iliyo magharibi kidogo, hupata kama moja na nusu. Ndiyo maana mihrabu za pwani hii huelekea kaskazini, jambo ambalo mgeni kutoka Misri, aliyezoea kuswali akielekea kusini-mashariki, huliona mara moja.

Mpima ardhi naye huandika azimuthi ya kila mstari kutoka bikoni hadi bikoni. Akikosea kidogo tu, shamba la jirani limeliwa.

Fundi wa dishi ana hesabu nyingine. Setilaiti iliyo juu ya ikweta, longitudo ya nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa Diani iko azimuthi 320 hivi, kaskazini-magharibi. Lakini azimuthi peke yake haileti picha. Lazima dishi liinuliwe kama nyuzi 83, karibu litazame utosini, na hapo ndipo wengi hukwama.