HABARI ZA ASKARI MAHJUB BIN ADAM

Wazee wetu wa Singida na Manyoni waliokwenda katika vita ya 1914 hata 1918 hawakuandikwa sana. Waliochukua bunduki waliandikwa kidogo; waliochukua mizigo kichwani karibu hawakuandikwa, ijapokuwa hao ndio waliokufa wengi zaidi. Kwa Wagogo lilisalia jina la njaa, Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920, maana majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka na vijana, kisha mvua ikakosa. Basi atakaye kujua maisha ya askari mmoja wa siku zile, tangu kuzaliwa hata kufa, na amtazame mtu wa pwani ambaye nyayo zake zaonekana bado.

Mahjub bin Adam alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Wadachi mwenye cheo cha efendi. Vita ilipoanza mtoto alikuwa na miaka kumi tu, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya kupeleka habari kwa ishara. Mwezi wa Oktoba 1917 akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akashikwa na Waingereza.

Baada ya vita akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin, akaenda serikalini kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Hebu fikirini: huyu alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni pao, akawasemesha kwa lugha yao, wala hakupata kitu. Mpagazi wa Unyaturu angalimdai nani? Walimu wanaoandika daftari za vijiji wangefanya vema kuwauliza wajukuu majina ya watu hao, hata kama hapana cheti.

Mahjub hakurudi. Huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alitumika hotelini, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na mwaka 1933 akaoa mwanamke Mdachi. Akaomba nishani ya askari wa vita, akanyimwa. Utawala wa Hitler ulipokataza watu weusi kupendana na wazungu, akashikwa mwaka 1941 kwa sababu hiyo, akatiwa kambini Sachsenhausen pasipo hukumu. Akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye jina lake lilitiwa njiani Berlin, mbele ya nyumba alimokaa. Wapagazi wana jina moja kwa wote, nalo ni la mtaa wa Dar es Salaam palipokuwa kambi yao: Kariakoo, yaani jina la Kiingereza la kikosi chao, kama lilivyotamkwa na watu wetu.