Netlangw: kiumbe wa chemchemi katika imani ya Wairaqw wa Karatu

JINI ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika vilima vya Karatu chini ya msitu wa Ngorongoro limefika pamoja na Kiswahili. Wairaqw, kabila kubwa la wilaya hiyo, lenye lugha ya jamii ya Kikushi, wana jina lao wenyewe la kiumbe asiyeonekana: netlangw, na wakiwa wengi, netlaame. Makao yao yapo chini ya ardhi, na milango yao ni chemchemi na vijito.

Ili kumwelewa netlangw ni lazima kwanza kumtaja Looaa. Jina hilo ndilo la jua, na ndilo la Muumba. Looaa ni wa kike. Ni mama, yuko juu, ni mwema. Netlangw ni wa kiume, yuko chini, na ni mkali. Msomaji aliyezoea Mungu kuitwa Baba ataona hapa mambo yamepangwa kinyume.

Hata hivyo, ukali wa netlangw una sababu. Hushambulia pale mahali pake panapotiwa uchafu, na adhabu yake ni maradhi au mvua kukosekana. Uchafu unaokusudiwa si tope. Ni ile hali iitwayo meta, inayomwingia mtu kwa msiba au kwa mimba iliyoharibika. Aliyekuwa katika meta alitengwa: hakushiriki moto wala maji na majirani zake hadi muda wake uishe. Waliolipa gharama kubwa zaidi ni wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Hao walifukuzwa nje ya mipaka ya jamii, kwa hofu kwamba kujifungulia ndani kungeiletea nchi nzima balaa. Baadhi waliishia kwa Wadatoga, jirani zao wafugaji. Anayezisifu mila hizi kwa kulinda maji hana budi kuwakumbuka wasichana hao.

Imani hii ilihama pamoja na watu. Wairaqw walipopanuka kutoka Irqwa Da'aw, yaani Mama Isara ya Mbulu, na kuingia Karatu katika karne ya 20, ardhi mpya haikuhesabiwa kuwa makao kwa kulimwa tu. Ilibidi iwe aya, eneo lenye mipaka iliyokingwa kwa tambiko la masay, chini ya maelekezo ya qwaslarmo, mganga mkuu, ambaye kwa kawaida alitoka katika ukoo wa Manda.

Wamisionari, Wakatoliki na Walutheri, walikuta jozi hii ikiwa tayari, wakaitumia. Looaa alilinganishwa na Mungu, naye netlangw akawa Shetani. Tafsiri hiyo ilirahisisha mahubiri, lakini ilipoteza jambo moja: Shetani hana chemchemi. Netlangw wa zamani alikuwa na anuani, na mtu aliyekwenda kuchota maji alijua yuko mlangoni pa nani. Ni sawa na jini wa pwani kwa kutoonekana, ila wa pwani huweza kumpanda mtu kichwani, akasema kwa kinywa chake, akadai ngoma na ubani.

Kwa majirani Wamaasai wa Ngorongoro, mambo yanaelekea juu zaidi kuliko chini. Enkai ana sura mbili, mweusi aliye mpole na mwekundu mwenye hasira, na Oldoinyo Lengai, uliolipuka mwaka 2007 na 2008, ni mlima wake.

Maji ya Karatu yangali yanatoka katika msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, uliomo ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959. Mlinzi wa vyanzo hivyo leo ni sheria, na askari wa hifadhi. Kwa upande wake Looaa bado huitwa kwa jina katika slufay, dua ndefu ya kishairi inayotolewa na mzee katika mikusanyiko ya pombe ya kienyeji, huku waliohudhuria wakiitikia.