Mshipa wa Kifua na Mshipa wa Mguu

Anayetafuta chanzo cha upasuaji wa mchepuko wa moyo huelekezwa Cleveland, Marekani, tarehe 9 Mei 1967. Siku hiyo René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa daktari wa vijijini huko Jacinto Aráuz kwa miaka 12, alitoa kipande cha vena mguuni mwa mwanamke wa miaka 51, akakiunga mahali ateri ya moyo wake ilipoziba.

Njia ikaenea upesi. Vena ya mguu ni ndefu, hutosha michepuko kadhaa, na hupatikana haraka. Vali zake huruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo daktari huigeuza kabla ya kuishona.

Lakini nyayo zinarudi nyuma zaidi ya Cleveland. Mwaka 1960, New York, Robert Goetz aliunga ateri ya kifua na ateri ya moyo kwa kipete cha tantalumu. Februari 1964, Leningrad, Vasilii Kolesov akaziunga kwa sindano na uzi, bila mashine ya moyo na mapafu. Makala yake ilitoka katika jarida la Marekani mwaka 1967, mwaka uleule wa Favaloro. Hata hivyo, kushona ateri nyembamba kama ile kulitaka mkono wa sonara, na madaktari wengi wakashika vena.

Miaka ndiyo iliyoamua. Vena imezoea msukumo mdogo wa damu inayorudi moyoni. Ikitwishwa kazi ya ateri, ukuta wake hunenepa, mafuta hujikusanya, na baada ya miaka 10 karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba. Ateri ya kifua imezaliwa na kazi hiyo: katika muda huohuo, tisa kati ya kumi au zaidi hubaki wazi. Mwaka 1986 Floyd Loop na wenzake, palepale Cleveland, walionyesha kwamba waliowekewa ateri ya kifua kwenye ateri kubwa ya mbele ya moyo waliishi zaidi ya waliopewa vena pekee.

Paris nako kuna funzo. Mapema miaka ya 1970 Alain Carpentier alitumia ateri ya mkono, akaiacha kwa kuwa ilijikaza na kuziba. Miaka mingi baadaye, mshipa uliodhaniwa umekufa ulionekana wazi kwenye picha ya mgonjwa. Mwaka 1992 ateri ya mkono ikarudishwa rasmi, sasa ikisaidiwa na dawa za kuzuia mkazo.

Leo ateri ya kushoto ya kifua ndiyo hupewa ateri ya mbele. Kwa ateri nyingine za moyo, daktari hupima umri, kisukari, hali ya mkono na dharura yenyewe. Mgonjwa mahututi huenda akaokolewa na vena ileile. Wepesi kwenye meza ya upasuaji una thamani yake. Ila anayesubiri kupasuliwa ana haki ya kuuliza: mshipa upi, na utanifikisha miaka mingapi?