Rasimu: Jina la Mchoro Ambao Haujaisha

Wachoraji wa vitabu na magazeti, wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, husema "skechi". Nitumie skechi kwanza. Hiyo bado skechi. Neno limeingia, limekaa, na hakuna anayelilalamikia. Mwalimu wa sanaa ubaoni ataandika "mchoro wa awali", na mfasiri pengine atachagua "mchoro wa haraka". Yote matatu yanaeleweka. Hata hivyo hakuna hata moja linalogusa kile hasa anachofanya mchoraji anapomwonyesha mwenzake kazi ambayo haijaisha na kungoja aambiwe neno. Kwa jambo hilo Kiswahili kina istilahi tangu zamani, nayo ni rasimu. Tumeiachia wanasheria na makatibu, na makala haya yanadai irudishwe kwa wachoraji.

Nasema irudishwe kwa sababu ilikuwa yao. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu rasm ni mchoro, rassam ni mchoraji. Chini ya maana hizo ipo nyingine ya kale zaidi: alama au athari iliyobaki. Washairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu walilitumia neno hilo kutaja masalio ya kambi ambayo wenyewe wamekwisha kuihama. Wanazuoni wa Kurani nao hulitumia kwa umbo la maandishi lilivyo kabla ya nukta na alama za irabu kuongezwa. Kote humo wazo ni moja: mistari ya msingi ambayo jicho linaloijua linaweza kuijaza.

Mzizi huohuo ndio uliotupa rasmi. Kwa hiyo Kiswahili cha leo kina ndugu wawili wa tumbo moja waliosimama pande mbili za mlango: rasimu haijapitishwa, rasmi imekwisha kupitishwa. Ni bahati kubwa kwa msanii kupata jozi kama hii bila kuibuni. Anaweza kusema "hii rasimu, hii rasmi", na msikilizaji yeyote, hata asiyewahi kushika penseli, akaelewa nini kinaweza kubadilishwa na nini hakiguswi tena.

Sasa tazama skechi, neno la Ulaya. Waingereza walilipata kutoka kwa Waholanzi, Waholanzi kwa Waitaliano wenye schizzo yao, na wataalamu wa lugha hulifuatilia hadi kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichofanywa papo hapo, bila matayarisho. Mkazo wake uko kwenye haraka, na ndiyo maana aliyelitafsiri kuwa "mchoro wa haraka" hakukosea. Lakini haraka si sifa ya michoro yote ya namna hii. Ipo inayomalizika kwa dakika mbili kwenye kituo cha basi, na ipo inayokaa mezani wiki nzima, inafutwa, inachorwa, inafutwa tena. Kinachoiunganisha yote ni kwamba mlango wake bado uko wazi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Pablo Picasso. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Ujerumani na Italia ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Tarehe 1 Mei, akiwa Paris, Picasso alianza kuchora. Alichora zaidi ya karatasi 40 za matayarisho: farasi anayekufa, ng'ombe dume, mama aliyebeba mtoto maiti, kichwa kinacholia. Nyingine zilikuja hata baada ya turubai kubwa, yenye urefu wa mita 7 na ushee na kimo cha mita 3 na nusu, kuwa imekwisha kuanzwa. Msanii Dora Maar alikuwa pale na kamera yake, akaipiga picha turubai hatua kwa hatua. Kwa sababu yake tunaona leo kwamba mwanzoni askari aliyeanguka alikuwa ameinua mkono juu, ngumi imekunjwa. Ngumi hiyo ilikuwa salamu ya kisiasa ya wakati ule, na kila mtu angeielewa mara moja. Picasso aliifuta. Kilichobaki ni mkono ulioshika upanga uliovunjika, chini kabisa, na picha nzima ikaacha kuwa tangazo la chama ikawa maombolezo ya watu wote. Bila picha za Maar tusingejua kwamba uamuzi huo ulifanyika. Karatasi zile za matayarisho zimehifadhiwa pamoja na mchoro wenyewe Madrid, katika jumba la makumbusho la Reina Sofía, na mtu anayetaka kujifunza kuchora hujifunza kwazo mengi ambayo turubai peke yake haiwezi kumwambia.

Hapo ndipo neno "awali" linapopungukiwa. Mchoro wa awali ni ule unaotangulia tu, ukishapita umepita. Rasimu ina namba: ya kwanza, ya pili, ya tano. Ina historia, na historia hiyo inasomeka.

Sababu yangu kubwa lakini iko nyumbani. Juni 2013 Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilitoa rasimu ya kwanza ya katiba. Haikutolewa ili ifungiwe kabatini. Ilitolewa ili mabaraza ya katiba yaijadili, na Desemba mwaka huohuo ikatoka rasimu ya pili iliyokwisha kupokea maoni. Kenya nayo ilijadili rasimu moja baada ya nyingine kwa miaka kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010. Katika miaka hiyo neno liliingia vijiweni, kwenye daladala na matatu, na kwenye vinywa vya watu ambao hawajawahi kuandika barua ya ofisi. Likabeba maana ambayo hakuna kamusi iliyolipangia: rasimu ni kitu unachokiweka mbele za watu ili waseme kabla hakijafungwa. Mtu anayesikia rasimu anajua ana haki ya kutia neno. Anayesikia skechi hajui hivyo. Atasema "nzuri", au atanyamaza.

Mchoraji anahitaji hasa haki hiyo itumike. Anapowaonyesha wenzake ukurasa wenye mistari ya penseli bado, hatafuti sifa. Anauliza kama mkono wa yule bibi unaonekana unamshika mtoto au unamsukuma. Jicho lake limechoka, limezoea kosa, halilioni tena. Jicho la mwenzake ni jipya. Rangi ikishawekwa, hata rafiki mkweli huona haya kusema.

Lipo pingamizi, na ni zito. Neno hili limezaa mtoto mbaya. Urasimu, kwa kila msemaji wa Kiswahili, ni nenda rudi za ofisini: faili lililopotea, mhuri uliokosekana, njoo kesho. Tukianza kusema kwamba mchoraji fulani ni bingwa wa urasimu tutakuwa tumemtukana. Na ukibadilisha irabu moja ukasema urasimi, umeingia kwenye istilahi za wahakiki wa fasihi, ambao huitumia kwa mkondo wa sanaa uliofuata kanuni za Wayunani na Warumi. Uwanja una watu tayari.

Jibu langu ni kwamba tusinyambue. Rasimu ibaki nomino, hii na hizi, rasimu ya penseli, rasimu za kitabu. Kitendo kiwe kuchora rasimu, na fani iwe uchoraji wa rasimu. Kitenzi chora ni cha kwetu na ni kikongwe. Hapo zamani kilimaanisha pia kukata alama kwenye mti, na mafundi wa milango ya nakshi wa Lamu na Unguja bado huchora kwanza juu ya ubao kabla patasi haijagusa. Maneno haya mawili yakienda pamoja, lile la ofisini halina nafasi ya kujipenyeza.

Baada ya hapo ngazi za kazi zinajipanga zenyewe. Chukua kitabu cha picha cha watoto. Kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa chapa hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, na mafungu hayo yakiunganishwa idadi inaangukia hapo. Mchoraji huanza kwa kuzipanga kurasa zote kwenye karatasi moja, kila ukurasa ukiwa kisanduku kidogo, ili aone hadithi inavyotembea na wapi msomaji atageuza ukurasa kwa hamu. Hizo ni rasimu ndogondogo. Kisha huja rasimu ya penseli, kwa ukubwa kamili, ambayo mhariri na mwandishi huipitia: nguo za wahusika, umri wao, nafasi iliyoachwa kwa maneno. Halafu rasimu safi, mistari iliyochaguliwa peke yake. Mwisho ni mchoro kamili wa kwenda kiwandani. Mhariri anayetumia majina haya hatamwomba mchoraji abadilishe sura ya mhusika mkuu wakati rangi imekwisha kukauka, ugomvi ambao katika kazi hii hutokea mara nyingi mno, na chanzo chake mara nyingi ni kwamba hakuna aliyesema wazi ni hatua gani inayojadiliwa.

Kuonyeshana kazi ambayo haijaisha si desturi ya kigeni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kupaka rangi zake za enameli kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, vijana waliomzunguka, wengi ndugu na watu wa kwao kusini, walijifunza kwa kukaa kando yake na kutazama. Rangi ya nyuma hupakwa kwanza ikaachwa ikauke, mnyama akafuata, kisha mistari na madoa. Kila hatua ilionekana na kila aliyekuwapo. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kazi yake ilikuwa ya miaka michache tu, lakini mtindo haukufa naye, kwa kuwa tayari ulikuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 1990 wafuasi wake wakaunda chama cha ushirika. Siamini kwamba mtindo uliofichwa chumbani hadi siku ya maonyesho ungeweza kudumu hivyo.

Kwa upande mwingine kuna sauti ya Elimo Njau, Mtanzania aliyeshiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliyewaonya wasanii kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Onyo hilo linawahusu wote wanaopeana ilhamu. Kutazama rasimu ya mwenzako ni kuona alivyofikiri, wapi alisita, nini alikifuta. Ukitoka hapo na namna ya kufikiri umepata ilhamu; ukitoka na twiga wake umemwibia. Mtindo wa Tingatinga wenyewe umeumia kwa hili, twiga haohao wakirudiwa kwa watalii mwaka baada ya mwaka, na wachoraji wake walio bora ni wale waliochukua mbinu wakaleta habari zao wenyewe: hospitali, soko, harusi, sokomoko la mtaani.

Hofu ya kuibiwa ndiyo inayowafanya wengi wafiche rasimu zao, na si hofu ya bure. Lakini sheria iko upande wao zaidi ya wanavyodhani. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unalinda kazi za sanaa tangu zinapotengenezwa bila kudai zisajiliwe kwanza, na haudai ziwe zimekamilika kwa rangi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 imejengwa juu ya msingi huohuo. Wazo tupu halina ulinzi. Mstari uliokwisha kuwekwa kwenye karatasi unao.

Kwa hiyo mchoraji, unapompa mtu kazi yako kabla haijaisha, andika pembeni: rasimu ya ngapi, tarehe, jina lako. Usiitupe ikishapitwa na nyingine. Iweke pamoja na wenzake kwenye bahasha moja. Na wewe uliyeonyeshwa, usiseme "nzuri" ukaishia hapo. Umeitwa useme, basi sema unachokiona.